Hisani ya Barabarani: Jangwa, Dereva na Mlima katika *The Dharma Bums*

Riwaya ya Jack Kerouac iitwayo *The Dharma Bums*, iliyochapishwa Marekani mwaka 1958, aghalabu husomwa kama kitabu cha mlima. Msimulizi wake, Ray Smith, hupanda mara mbili. Mara ya kwanza, katika majira ya kupukutika majani ya mwaka 1955, hufuatana na Japhy Ryder na Henry Morley kuelekea kilele cha Matterhorn katika milima ya Sierra Nevada, California, chenye kimo cha takriban mita 3,740. Mara ya pili, katika kiangazi cha 1956, hupelekwa kukaa peke yake juu ya mlima Desolation katika jimbo la Washington, akiwa mlinzi wa misitu dhidi ya moto. Kati ya milima hiyo miwili kuna nchi kubwa: reli, barabara kuu, mpaka wa Mexico, jangwa la kusini, na nyumba ya ndugu zake katika North Carolina. Nchi hiyo yote Ray huivuka kwa kudandia treni za mizigo na kwa kuomba lifti.

Wasomaji wengi huipita sehemu hii ya kati kama mtu apitaye uwandani ili aufikie mlima. Mlimani ndiko kwenye maono, ndiko kwenye Budha, ndiko kwenye maneno ambayo vijana waliyanukuu. Makala haya yana hoja iliyo kinyume. Uzito wa maadili wa riwaya hii hauko kileleni bali jangwani, katika kichwa cha lori, mahali ambapo mtu asiye na kitu hukaa kando ya mtu anayefanya kazi na kubebwa naye. Aidha, msomaji wa Kiswahili, kwa sababu ya mambo yaliyomo katika lugha yake, amejaliwa kuliona jambo hilo upesi kuliko wengine.

Jina la Riwaya

Ugumu huanza katika jina lenyewe. Mfasiri atakayetaka kulileta kwa Kiswahili atakutana kwanza na neno *mzururaji*. Neno hili lina harufu ya kituo cha polisi. Katika Kenya ya kikoloni sheria ya uzururaji ilimruhusu askari kumkamata mtu asiye na kazi wala makao ya kujulikana, na baada ya kipande kuanza kutumika kwa nguvu miaka ya 1919 na 1920, Mwafrika mwanamume aliyetembea bila kazi alikuwa mkosaji kabla hajatenda kosa. Sheria ya Uzururaji ilibaki katika vitabu vya nchi muda mrefu baada ya Uhuru, ikafutwa mwaka 1997. Kumwita Ray mzururaji, basi, ni kumtia katika historia ambayo si yake, na pia ni kulikosa jambo ambalo yeye mwenyewe analitafuta.

Neno la pili ni *mhuni*. Kwa matumizi ya zamani mhuni alikuwa mtu asiye na ndoa wala nyumba ya kumshikilia, na kwa maana hiyo Ray na Japhy ni wahuni kamili. Lakini neno limeshuka thamani. Leo mhuni ni mtu wa fujo na ufisadi. Riwaya ina ulevi na ina anasa, hapana shaka, lakini wahusika wake hawajioni kuwa watu wa fujo. Hujiona watu wa dini.

Neno la tatu, nalo ndilo lifaalo, ni *fukara*. Fukara ni mtu asiye na kitu. Lakini asili yake ni Kiarabu, na huko neno hilo huwataja pia watu wa tarika walioichagua hali ya kutokuwa na kitu kwa ajili ya Mungu. Kiswahili kimehifadhi zaidi maana ya umaskini, lakini masikio ya mtu wa pwani hayajaisahau ile nyingine. Jina *Mafukara wa Dharma* lingekusanya pamoja mambo mawili ambayo Kerouac alitaka yakae pamoja: shanta tupu na moyo unaotafuta. Kitabu chenyewe kimetabarukiwa kwa Han Shan, mshairi wa kale wa China aliyeishi mlimani, ambaye mashairi yake yanafasiriwa na Japhy ndani ya hadithi, kama yalivyofasiriwa na Gary Snyder, mshairi ambaye kwake Japhy alichorwa.

Hata hivyo, neno fukara lina swali ndani yake ambalo maneno mengine hayana. Fukara wa tarika huishi kwa sadaka, na sadaka ina mtoaji. Mara msomaji akubalipo jina hili, hana budi kuuliza: katika riwaya hii, ni nani anayetoa?

Kudandia na Kuomba

Kiswahili hutenga vitendo viwili ambavyo katika mazungumzo ya wapenzi wa Kerouac huchanganywa. Kudandia ni kukirukia chombo na kushikamana nacho bila idhini ya mwenyewe. Kuomba lifti ni kusimama mahali pa kuonekana, kumwelekea mtu uso kwa uso, na kungoja uamuzi wake. Anayedandia hamwii mtu shukrani, maana hakuna aliyempa. Aliyepewa lifti ameingia katika uhusiano, apende asipende.

Riwaya huanza na kudandia. Ray anaondoka Los Angeles mchana katika behewa la mizigo lisilo paa, akielekea Santa Barbara. Njiani anaingia mzee mmoja mwembamba, fukara wa kweli, mwenye kikaratasi cha sala ya Mtakatifu Teresa. Ray anampa mvinyo, mkate na jibini. Tukio hili dogo limesifiwa sana, na linastahili sifa, kwa kuwa Kerouac anaandika ukarimu bila kuupamba. Lakini izingatiwe kwamba hapa Ray ndiye mtoaji. Treni imewachukua wote wawili bila kujua; dereva wake hana sura wala jina. Uhuru wa reli ni uhuru usio na mwenyeji.

Barabarani mambo hubadilika. Baada ya kuuacha mji wa San Francisco kwa huzuni ya kifo cha rafiki, Ray anashuka kusini hadi mpakani, na huko anachukuliwa na dereva wa lori aitwaye Beaudry. Safari ya watu hawa wawili ni ndefu kuliko lifti nyingine yoyote ya kitabu: inatoka mpaka wa Mexico, inavuka jangwa la Arizona, inaishia Ohio. Ni robo tatu ya bara zima, na fukara wetu hakulipa senti.

Je, hakulipa? Hapa ndipo Kerouac anapoonyesha macho yake makali. Beaudry anatamani kuuona mji wa Mexicali ng’ambo ya mpaka, wala haujui. Ray anaijua Mexico, akamwongoza usiku ule. Baadaye jangwani Ray anawasha kuni, anachoma nyama juu ya makaa, na dereva anakula chakula ambacho hajapata kula katika maisha yake ya mikahawa ya barabarani. Kwa lugha ya misafara yetu ya zamani, Ray amekuwa kirangozi siku moja na mpishi siku ya pili. Amelipa kwa namna walivyolipa wasafiri wasio na mali tangu zamani, yaani kwa ujuzi wake na kwa mikono yake.

Msafiri Maskini

Methali ya Kiswahili yasema: msafiri maskini, ajapokuwa sultani. Maana yake si kwamba msafiri amekosa fedha. Maana yake ni kwamba mtu aliyetoka kwao hana maji yake, hana moto wake, hana jirani wa kumwitia. Yote hayo yako mikononi mwa wengine. Kwa methali hii umaskini wa msafiri si sifa ya kujivunia wala aibu ya kuficha. Ni hali ya safari yenyewe.

Nathari ya safari ya Waswahili imejengwa juu ya ufahamu huo. Katika mkusanyo uliotolewa na Carl Velten mwaka 1901, *Safari za Wasuaheli*, Selemani bin Mwenye Chande anaeleza safari yake ya bara. Maelezo yale yameandikwa kwa ombi la mtaalamu wa Kijerumani, na msomaji hana budi kulikumbuka jambo hilo. Lakini namna ya kuyaona mambo ni ya mtu wa misafara. Anayefungua kurasa zake hakutani na uzuri wa nchi kwanza. Anakutana na mikopo, posho, na hongo. Na hongo kwa maana yake ya asili, yaani ushuru ambao mpitaji alimtolea mwenye nchi ili apite. Kila hatua ya njia ina mtu, na kila mtu ana haki yake. Salim bin Abakari naye, aliyefuatana na Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, anasafiri kwa gharama ya mwingine, wala hajifanyi kuwa ni vinginevyo.

Ukilinganisha nathari hii na vitabu vya safari vya Ulaya vya karne ile ile, tofauti hujitokeza. Mara nyingi huko msafiri husema “nilivuka”, “nilifika”, na wapagazi mamia hubaki nyuma ya kitenzi hicho kimoja. Nathari ya Waswahili haikuwa na nafasi ya kusema hivyo, kwa sababu msimulizi aliishi katikati ya watu waliobeba.

Kerouac yuko upande gani? Kwa nusu ya kitabu yuko upande wa “nilifika”. Lakini katika sura ya Beaudry yuko karibu na Selemani kuliko na wavumbuzi. Dereva ana jina. Ana njaa, ana tamaa, ana saa za kazi. Na zaidi ya yote, ana kauli. Akiwa jangwani na nyama mkononi, Beaudry anaitazama hali yake: yeye anajiua kwa kuendesha lori kwenda na kurudi, anapata fedha ambazo Ray hajapata kuzishika, na bado Ray ndiye anayeonekana kuyafurahia maisha. Maneno haya ndiyo kiini cha riwaya. Si sifa kwa Ray tu. Ni mashtaka ya mfanyakazi dhidi ya mpango wa maisha unaompa mshahara na kumnyima usiku mmoja wa moto na nyota. Na kwa upande mwingine ni mashtaka dhidi ya Ray, ijapokuwa hayakutamkwa: kama lori lisingeendeshwa na mtu anayejiua kwa kazi, fukara angekuwa bado amesimama mpakani.

Yafaa kukumbuka kwamba Kerouac hakuwa mgeni katika tabaka la Beaudry. Alizaliwa Lowell, Massachusetts, mwaka 1922, kwa wazazi wenye asili ya Kifaransa cha Kanada. Kiingereza hakikuwa lugha yake ya kwanza. Na aliwahi kufanya kazi ya reli. Ndiyo maana dereva wake hakuchorwa kama katuni. Mwandishi alimjua.

Kosa ni la wasomaji zaidi kuliko la mwandishi. Japhy anatabiri ndani ya riwaya kwamba vijana kwa maelfu watabeba mashanta na kuondoka, wakikataa kufanya kazi ili wanunue vitu wasivyovihitaji. Utabiri huo ulitimia kwa kiasi. Hata Lamu ya miaka ya 1970 iliwaona vijana hao, nao wakaitwa mahipi. Walioichukua hotuba ya Japhy hawakuichukua hotuba ya Beaudry. Walibeba shanta, wakamwacha dereva. Katika nchi ambayo malori ya mifugo kati ya Isiolo na Marsabit, kabla ya lami kuenea katika miaka ya 2010, yalibeba watu juu ya vyuma vya bodi kwa nauli iliyojulikana, wazo la kuvuka jangwa bure kwa kuinua kidole gumba halikuweza kuonekana kama dini. Lilionekana kama nauli iliyolipwa na mtu mwingine.

Mlima na Waliouleta Karibu

Sasa na utazamwe mlima. Katika sura za Matterhorn msomaji hukumbuka mambo mawili: Ray aliyeshikwa na hofu akaketi kwenye ukingo wa jabali chini ya kilele asiweze kuendelea, na Japhy akishuka kutoka juu kwa kurukaruka kama mbuzi. Ray anapomwona, anaelewa ghafla kwamba hofu yake ilikuwa ya bure, naye anamfuata mbio mteremkoni. Wahakiki huita tukio hili ufunuo.

Kiswahili kina methali ambayo huugusa ufunuo huo mahali pake: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Hekima ya methali ni kwamba jaribio la kweli liko katika kurudi. Kerouac ameigeuza: kwake kushuka ndiko kwepesi, ni ngoma kwa maana ya kucheza. Lakini riwaya nzima, ikitazamwe kwa upana, inakubaliana na methali kuliko na Ray. Baada ya Matterhorn kuna kifo cha rafiki mjini. Baada ya jangwa kuna nyumba ya dada katika North Carolina, ambako Ray anakaa tangu Krismasi hadi majira ya machipuko akitafakari msituni huku shemeji yake akizidi kukasirika. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na shemeji huyu, ambaye riwaya humwonyesha kama mtu asiyeelewa, anachofanya ni kungoja jembe lishikwe. Kerouac anamfanyia dhihaka kidogo. Lakini anamwacha aseme, na kwa kufanya hivyo anamwachia msomaji nafasi ya kuamua vingine.

Tena, hakuna mlima katika riwaya hii ambao mtu anaufikia kwa miguu yake tu. Matterhorn hufikiwa kwa gari la Morley. Morley ni mhusika wa kuchekesha: amesahau mfuko wake wa kulalia, na katikati ya upandaji anakumbuka kwamba hakumwaga kilichomo katika injini ya gari, akahofia baridi ya usiku itaiharibu, akarudi chini. Wapenzi wa mlima humcheka. Lakini mtu aliyerudi kulinda gari ndiye aliyehakikisha kwamba wenye maono watapata namna ya kurudi nyumbani. Akili ya Morley ni akili ya mkuu wa msafara, anayefikiri juu ya kesho asubuhi.

Desolation nayo hufikiwa kwa njia hiyo hiyo. Ray anaomba lifti hadi kaskazini. Kisha idara ya misitu inampeleka kwa chombo cha maji, na mchungaji wa nyumbu aitwaye Happy anampandisha na vifaa vyake. Upweke wa siku zaidi ya 60 unaofuata umeandaliwa na watu wengi na wanyama kadhaa. Kitabu kinamalizika kwa shukrani: Ray anakishukuru kibanda chake cha mlimani, kisha anageuka na kurudi duniani. Ni mwisho mzuri. Hata hivyo msomaji aliyelelewa katika methali ya msafiri maskini hataacha kuona kwamba shukrani iliyo kubwa kuliko zote imepewa mbao na mawe.

Jua la Mexicali na Barabara ya Montgomery

Kuna jambo moja zaidi, nalo halimo katika riwaya bali limeizunguka. Barabara ambayo Ray aliiona kuwa ya wote haikuwa ya wote mwaka 1955.

Mpaka wa Mexicali, ambako Ray alipata lifti yake kubwa, ulikuwa pia mlango wa wafanyakazi wa Mexico waliochukuliwa kwa mikataba kulima mashamba ya Marekani, chini ya mpango uliodumu tangu 1942 hadi 1964. Hao nao walivuka jangwa kwa malori. Wale waliovuka bila karatasi walikamatwa na kurudishwa kwa wingi, hasa baada ya msako mkubwa wa 1954. Mwanahistoria Mae Ngai, katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu wahamiaji wasio na vibali, ameeleza habari iliyotolewa wakati ule kwamba watu wapatao 88 walikufa kwa jua katika Mexicali mwezi Julai 1955, baada ya kukusanywa katika joto la kiasi cha digrii 44 za Selsiasi. Ray alipita pale miezi michache baadaye, majira ya baridi yalipokuwa yameanza na jangwa limekuwa rafiki. Jangwa lile lile, mwaka ule ule: kwa mmoja ni moto wa kuchomea nyama, kwa wengine ni kaburi. Kilichotofautisha hali hizo mbili si hali ya hewa pekee. Ni swali la nani aliyekuwa na haki ya kusimama kando ya barabara.

Upande wa mashariki jambo hilo lilikuwa wazi zaidi. Tarehe 1 Desemba 1955 Rosa Parks alikamatwa katika basi mjini Montgomery, Alabama, na tangu tarehe 5 Wamarekani Weusi wa mji ule waliyagomea mabasi kwa siku 381. Katika wiki zile zile Ray alikuwa akivuka bara kwenda kwa mama yake. Ili mgomo uweze kudumu, watu wa Montgomery walianzisha mpango wa kuchukuana kwa magari yao, magari yapatayo 300, yenye vituo na ratiba. Huo nao ni mfumo wa lifti. Martin Luther King, Jr., aliyeeleza habari hizo katika *Stride Toward Freedom*, kitabu kilichotoka mwaka 1958 pamoja na riwaya ya Kerouac, anasimulia kwamba waliokuwa wakingoja kuchukuliwa walitishwa kuwa kuna sheria dhidi ya kuomba lifti. King mwenyewe alikamatwa mwezi Januari 1956 baada ya kuchukua abiria, kwa shtaka la kwenda maili 30 kwa saa mahali pa maili 25.

Si haki kumdai mwandishi kitabu ambacho hakukiandika, na makala haya hayamlaumu Kerouac kwa kutokuwa King. Lakini ni haki kuviweka vitabu viwili vya mwaka mmoja juu ya meza moja. Katika kimoja, lifti ni neema inayomshukia mtu mmoja aliyejitenga na jamii. Katika kingine, lifti ni jamii yenyewe: dereva na abiria wanajuana, wote wawili wako hatarini, na wanakokwenda ni kazini, maana mtu aliyegoma bado ana watoto wa kulisha. Cha kwanza kinafikisha mlimani mtu mmoja. Cha pili hakikuahidi mlima, lakini kiliubadilisha mji.

Hitimisho

Mwezi Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong’o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walipopendekeza kwamba Idara ya Kiingereza ya Chuo cha Nairobi ifutwe, hawakusema vitabu vya nje visisomwe. Walisema visomwe kutoka hapa. Riwaya hii ni mfano mwema wa faida ya msimamo huo. Ikisomwa kutoka California, ni kitabu cha watu waliopata uhuru. Ikisomwa kutoka katika lugha yenye *hongo*, *kirangozi*, *kudandia* na *msafiri maskini*, ni kitabu cha watu waliobebwa, na fahari yake ni kwamba mara moja, jangwani, kilijua hivyo na kikasema.

Udhaifu wake, basi, usifichwe. Ray hudhani umaskini wake ni chaguo la moyo peke yake, ilhali ni chaguo linalotegemea rangi ya ngozi yake, pasi yake, na mikono ya wengine iliyo juu ya usukani. Furaha yake hujaa anapokuwa peke yake, na watu waliomfikisha hupungua kimo kadiri mlima unavyokua. Wala wanawake hawana nafasi katika barabara hii isipokuwa kupika, kupendwa au kuachwa. Jambo hilo linadai uhakiki wa peke yake.

Lakini nguvu yake nayo isipunjwe. Ni waandishi wachache waliothubutu kumpa dereva wa lori maneno makubwa kuliko ya mtawa. Kerouac alifanya hivyo bila kutangaza, katika ukurasa ambao mtu mwenye haraka ya kufika kileleni ataupita.

Itakapofasiriwa kwa Kiswahili, kama inavyostahili kufasiriwa, kipimo cha mfasiri hakitakuwa maono ya Matterhorn. Maono hufasirika kwa urahisi, na lugha ya tafakuri na upweke imekuwepo katika ushairi wetu kwa karne nyingi. Kipimo kitakuwa Beaudry. Mfasiri atalazimika kumtafutia Kiswahili cha mtu wa barabara ndefu, aliyechoka, mwenye mafuta ya gari mikononi, ambaye amekula nyama iliyochomwa na mgeni na ghafla ameona maisha yake yote yakiwa mbele yake. Kiswahili hicho kipo. Husemwa kila usiku katika vituo vya malori vya Mariakani na Mlolongo, na hadi sasa riwaya yetu yenyewe haijakisikiliza vya kutosha.